Nusu ya Jina la Mjusi

Siku ya kwanza kumwona yule mjusi, nilivua kiatu. Jirani yangu, bikizee wa Kijerumani, alikuwa amenialika chai kwake, mlango unaotazamana na wangu hapa ughaibuni, mjini Roseville. Mjusi yumo ndani ya sanduku la kioo, kajilaza chini ya taa kama mwenye nyumba. Mimi nimelelewa Mombasa. Nyanya alitufundisha kuwa mjusi kafiri ndiye aliyeupuliza moto wa Nabii Ibrahimu uzidi kuwaka. Ukimuua unapata thawabu. Mkono ulikwenda wenyewe.

Bikizee akanidaka. "Usimguse! Huyo ni wangu!"

Tulicheka mpaka chai ikapoa. Tangu hapo nikawa naenda kila alasiri, maana mume wangu ni marehemu, binti yangu yuko Apple Valley na kazi zake, na wajukuu nikiwasemesha Kiswahili wananijibu Kiingereza. Bikizee alikuwa mwalimu zamani, basi hakosi somo. Akanambia kwao mjusi ni Eidechse, maneno mawili ya kale yaliyoshonwa pamoja. La pili labda ni kijiti cha kusokotea uzi. Halafu mtaalamu mmoja akalikata jina pasipo pake, na kipande hicho, Echse, leo ndicho jina la ukoo mzima wa mijusi.

"Mkia huo," nikamwambia. "Umekatika na bado unacheza. Na nusu ya kwanza?"

"Wengine wanasema nyoka. Walioijua hasa wamekufa wote."

Baridi ilipozidi, wanawe wakaja kumhamishia Inver Grove Heights, kwenye nyumba ya wazee isiyotaka wanyama. Akaniomba nimchukue mjusi, machozi yanamtoka. Mjusi kafiri, ndani ya chumba ninachoswalia! Nikampigia dada yangu Mombasa.

"Weye una wazimu?" akasema. "Muue, upate thawabu zako."

Nikamchukua. Sasa naenda dukani kumnunulia nyenje hai, subhanallah, mimi! Bikizee nikimpigia simu ananiuliza mimi ni nani. Nikimtajia mjusi, anauliza kama amekula.

Alasiri nachemsha chai, na kwa mazoea natoa vikombe viwili. Kisha nakaa karibu na ile taa, nampa mjusi habari za kutwa, kwa Kiswahili.

Nyanya, niwie radhi. Thawabu naitaka, lakini huyu nikimuua, nitasema na nani?