Marumaru ya Kaburi la Baba

Harufu ya limau na majivu yaliyolowa bado hunirudisha utotoni. Kwetu Karurumo ndivyo tulivyong'arisha sufuria, nami nikiwa darasa la nne, msimu wa kuvuna maharagwe, nilidhani king'arishacho sufuria hung'arisha kila kitu. Baba alikuwa amezikwa pale nyumbani, kando ya migomba, na kaburi lake lilifunikwa kwa bamba la marumaru nyeupe alilonunua Baba Mkubwa, kaka yake mwenye duka kule Kiirua. Jumapili angekuja kwa maombi ya ukumbusho. Tangu mazishi alikuwa akimwambia Mama kwamba asiyeweza kutunza kaburi la mumewe hawezi kutunza watoto, na siku atakayolikuta limechakaa, mimi na mdogo wangu tutahamia kwake. Nilimwogopa mzee yule kuliko mwalimu wa hesabu. Basi Ijumaa, Mama akiwa sokoni, nikakata malimau sita, nikachota majivu jikoni, nikasugua mpaka mikono ikafa ganzi.

Jiwe lilipokauka, mng'ao ulikuwa umekwisha. Mabaka meupe yalitapakaa kote, na nilipopitisha kidole yalikwaruza. Nikapaka mafuta ya kupikia, ndipo nikaharibu zaidi. Mama aliporudi hakunichapa. Aliketi chini, kiondo kikiwa bado mgongoni, akalitazama kaburi. Kisha akaenda kumwita Njeru, fundi wa mawe.

"Hii jiwe inakuliwa na limau, Mama Wawira," Njeru alisema, akimwita Mama kwa jina langu. "Hii ni ya maji na sabuni kidogo tu."

"Itarudi?"

"Itarudi, lakini pole pole. Ukikimbia, itakuwa na mabonde."

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, lakini wahenga hawakuwa wakimngoja Baba Mkubwa. Jumamosi nzima tulisugua kwa msasa na maji, kwanza ule mkali, halafu laini, halafu laini zaidi, tukisuuza tope jeupe kila mara. Mwisho Njeru alipaka nta. Jumapili asubuhi bamba liling'aa tena, isipokuwa pembe ya miguuni, ambayo hatukuwahi kuimaliza.

Baba Mkubwa aliiona kabla hata ya kutusalimu. Akainama, akaipapasa.

"Nani ameharibu hii?"

Nilifungua kinywa, lakini Mama alishatangulia mbele yangu. "Ni mimi, Baba Mkubwa. Nilisugua na limau. Sikujua."

Baba Mkubwa alimtazama Mama usoni, kisha vidole vyake vilivyochubuka. Halafu akavua kofia, akasema maombi yaanze. Hatukuhamia Kiirua.

Siku hizi naishi Majimbo, mjini Embu, na meza ya jikoni kwangu ni ya marumaru. Nina sabuni yake maalumu, na ikikwaruzika fundi huja na mashine, akamaliza kabla chai haijapoa. Mtu angesema nimefaulu. Mwezi uliopita niliweka chupa ya siki juu yake bila kuifunga vizuri, ikavuja, ikaacha baka. Mume wangu alipoliona, akauliza ni nani. Mama Kendi, anayetusaidia kazi za nyumbani, alikuwa amesimama pale, kitambaa mkononi. Alikuwa ameniona nikiiweka ile chupa.

"Si unamjua Mama Kendi na haraka zake," nikasema.

Naye akainama akaanza kufuta.