Mtu wa Pamba Mwenye Matumbo Manne

Juzi nilimpeleka mpwa wangu kwenye maonyesho, Bariadi. Ndani ya banda la sayansi kulikuwa na mtu wa plastiki: ukibonyeza kitufe moyo unawaka, ukibonyeza kingine unaona chakula kikishuka tumboni. Mtoto alibonyeza mpaka akaombwa awapishe wenzake. Mimi nilibaki nimeduwaa, maana wa kwetu, jamani, tulimshona wenyewe.

Nilikuwa darasa la sita, Mwandoya. Mkoa ulikuwa mchanga bado, na shule itakayoshinda maonyesho ya sayansi ilikuwa ipelekwe Bariadi, makao makuu. Nilikuwa sijawahi kufika Bariadi. Niliitamani mpaka nikawa naiota. Mwalimu wa sayansi akatuambia tutengeneze mwili wa binadamu, ambao mgeni anaufungua kwa vifungo na kuingiza mkono. Ngozi ilikuwa viroba, nyama ni pamba ya mashambani kwetu, utumbo ni mpira wa baiskeli. Kazi ya kushona tumbo nikapewa mimi.

Sasa mimi tumbo nililolijua ni la ng'ombe. Akichinjwa nyumbani, mimi na bibi ndio tulioosha: lile kubwa la majani, lile la vyumba vyumba kama sega la nyuki, lile lenye kurasa, na lile laini la mwisho. Harufu yake ninayo puani hadi leo. Basi nikashona manne, nikayapanga vizuri, nikajisifu.

Asubuhi ya mashindano mwalimu akafungua vifungo. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Wee mtoto! Umetushonea ng'ombe!"

Machozi yakanitoka. Bariadi niliiona ikienda zake. Nikataka kuyang'oa matumbo yale, mwalimu akanizuia.

"Yaache. Wageni watafute wenyewe kilichozidi."

Shule nyingine zilibandika michoro na kuandika "Usiguse". Kwetu ilikuwa foleni. Mzee mmoja mfugaji akamsalimia kwanza mtu wetu, "Mwangaluka," kisha akazamisha mkono, akapapasa, macho yakamtoka.

"Lo! Huyu anacheua!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Hata jaji, mama mmoja mkali, akavua saa na kupapasa naye. Halafu akanigeukia.

"Haya, manne ni ya ng'ombe. Mbona wewe unatosheka na moja?"

Jibu hilo darasani hatukufundishwa. Nikamkumbuka bibi akichochea kuni chini ya chungu cha maharage, na maneno yake ya kila siku. Nikayasema kwa sauti: "Ng'ombe anatafuna mara mbili. Sisi, chungu ndicho kinachotutafunia."

Jaji akayarudia maneno yale taratibu, kisha akapiga makofi. Tulishinda! Tulikwenda Bariadi nyuma ya lori, mtu wa pamba katikati yetu, tukiimba mpaka sauti zikakauka. Bibi alikitangazia kijiji kizima kwamba chungu chake kimeshinda.

Yule mtu panya walimmaliza stoo ya shule. Bibi ametangulia, na nyumbani siku hizi wanapikia gesi. Nimemkumbuka mno, bibi yangu.

Juzi pale bandani, kijana aliyekuwa akielekeza wageni aliniuliza kama nina swali.

"Swali sina," nikamwambia, "ila mtu wenu hajakamilika."

"Amepungukiwa nini, dada?"

"Chungu cha bibi."