Jiko la Mbeleje

Mwaka reli ya Wajerumani ilipofika Dodoma, pale Ihumwa bibi mmoja, Mbeleje, alipika mbegu. Mbegu, jamani! Masuke ya uwele yaliyotundikwa juu ya jiko, yahifadhiwe na moshi kungoja mvua, Mbeleje aliyashusha, akayatwanga, akasaga, akasonga ugali, kisha akawaita watu waje kula.

Mwanawe Matonya alirudi kutoka kubeba mawe ya reli, akatazama juu ya jiko, akakuta patupu. "Jiko la mama linazimwa," alimwambia mkewe, Anyesi. "Atapikiwa. Akae juani apumzike."

Anyesi aliumia moyoni. Katika tembe lao kila mwanamke aliyeolewa ana chumba chake na jiko lake. Asiye na jiko ni mgeni, hata kama ndiye aliyemzaa mwenye nyumba. Tena mkwe huyu ndiye aliyempokea alipokuja kuolewa, hajui hata kukoroga mlenda.

"Baba Sila, nipe siku kidogo. Mbegu nitaomba kwa kaka yangu kule Chamwino."

Matonya alinuna, akakubali.

Kumwelekeza kwa mdomo kulishindikana. Akiambiwa achemshe maji ndipo atie unga, Mbeleje alimwaga unga kwenye maji baridi, akatoka kutafuta mbuzi waliokufa zamani. Anyesi alilia kwa hasira. Lakini alimtazama vizuri, akagundua kwamba mikono ya mama bado inajua kazi. Inapotea tu inapokuta vitu vingi. Basi akatoa chumbani vyote visivyohitajika, vibuyu, majembe, hata ngozi ya kulalia. Vilivyobaki akavipanga kwa mstari toka mlangoni: kuni, chungu, maji, mwiko. Unga alimsogezea maji yalipotokota. Mbeleje alishika kimoja, kikampeleka kwenye kingine, mpaka akawa anasonga huku akiimba.

Jioni Matonya alipoitwa, alikuta ugali wa uwele umeiva sawasawa, na mlenda pembeni. Mama yake alimkazia macho.

"Wewe mwana wa nani?"

Matonya alijibu, "Wako, mama."

"Basi nawa mikono. Kwangu halali mtu na njaa."

Alikula machozi yakimtoka, wala hakuona aibu. Akaongezewa, akala tena.

"Nani huyo aliyesema jiko hili lizimwe?" Matonya aliuliza, kana kwamba si yeye.

Anyesi alicheka mpaka akakaa chini. Mbeleje hakuelewa wanachekea nini. Aliinama, akauchochea moto wake.