Siku Niliyosimamisha Ngoma ya Mheshimiwa

Siku niliyosimamisha ngoma ya mheshimiwa, mama mmoja alipiga ishara ya msalaba kana kwamba mimi nimeshakufa.

Hakuwa anatania. Vijana wa mheshimiwa walijaa uwanjani na rungu, na kiongozi wao alikuwa shemeji yangu Clifford, mume wa mdogo wangu Phanice.

Phanice alikuwa na mimba ya miezi minane. Ya kwanza ilimtoka njiani, juu ya bodaboda, akikimbizwa hospitali ya Homa Bay.

Zahanati yetu hapa karibu na Kendu Bay ina wodi ya kina mama. Imepakwa rangi, imekatwa utepe, imepigwa kufuli. Eti vitanda bado viko njiani.

Vitanda gani hivyo vinakuja kwa miguu mwaka mzima?

Asubuhi hiyo tulikuwa tumeitwa kikao cha kutoa maoni ya wananchi. Clifford alipitia kwangu mapema.

"Shem, leo usilete maneno ya vitanda. Nimeambiwa nikutoe."

"Na utanitoa?"

"Kazi ni kazi."

"Bibi yako atazalia wapi, Clifford?"

Akaenda zake. Nilimchukia, sitaficha.

Kikaoni niliinua mkono mpaka bega likauma. Emsii aliwapa maiki wale wa kofia za bure tu. Asante kwa barabara. Asante kwa taa. Kikao kikafungwa kwa maombi, ngoma ya ohangla ikaanza, mheshimiwa akainuka kutikisa mabega.

Hapo ndipo nikakumbuka pakruok.

Kwetu, ukimtuza mwanamuziki, anasimamisha ngoma na kukupa maiki ujisifu, uwe tajiri au hohehahe. Hakuna wa kukukatiza, ila mtu aje atuze zaidi yako.

Nikatoa pesa yangu ya unga. Ngoma ikanyamaza.

"Mimi Risper, nyar Mfangano, binti wa Mfangano!" nikapaza sauti. "Dada ya Phanice, mwanamke jasiri aliyepoteza mimba juu ya bodaboda! Naisifu wodi yetu, safi kuliko zote, kwa sababu hakuna mtu amewahi kulala ndani! Mheshimiwa, vitanda viko wapi?"

Watu wakageuka kumtazama mheshimiwa.

Mheshimiwa alicheka, lakini macho hayakucheka. Akachomoa noti ya elfu, akampa Clifford na kumnong'oneza. Clifford akaanza kuja, wenzake na rungu nyuma yake.

"Yawa, Risper, toroka!" mtu akaniambia.

Sikutoroka. Msinisifu. Pesa yangu ya unga ilikuwa imeshaenda, nikaing'ang'ania maiki.

Clifford akamtuza mwanamuziki ile elfu, akaninyang'anya maiki.

"Mimi Clifford, wuod Karachuonyo, mwana wa Karachuonyo! Mume wa Phanice!"

Wale wa kofia wakashangilia.

"Nina mgongo wa dume! Mgongo huu ndio ulibeba vitanda vya wodi, vyote, kutoka kwa lori mpaka gesti ya mheshimiwa! Vinalaliwa na wageni tangu Krismasi!"

Nikamgeukia mheshimiwa.

"Zima hiyo maiki!" mheshimiwa akafoka.

Mwanamuziki akatikisa kichwa. "Ametuza, mheshimiwa. Tena ni pesa yako."

Sisi kina mama hatukungoja kuundiwa tume. Tulienda gestini tukiimba, umati wote nyuma yetu, na wale vijana wa rungu wakaona heri wakae kando. Meneja alitufungulia mwenyewe. Mgeni mmoja alitoka mbio na taulo. Vitanda tulivibeba vichwani mpaka zahanati, nesi akafungua kufuli huku analia.

Mwezi uliofuata Phanice alijifungua msichana, salama salmini, juu ya kimojawapo.

Baba yake hakuwepo. Clifford alihama siku ileile kwa sababu ya vitisho. Sasa anauza ng'ombe soko la Ogwedhi, na mtoto wake anamwona kwa simu tu. Linaniuma.

Juzi nilimuuliza, "Shem, kwa nini asubuhi ile hukuniambia?"

"Niliogopa. Nilikuwa nimelala na hiyo siri miezi mingi, nikingoja mtu aulize mbele ya watu. Hakuna aliyeuliza."

Alisema kweli. Mwaka mzima sote tulikuwa tunanung'unika majikoni.

Ndugu yangu unayesoma, uliza. Uliza hadharani, hata kama sauti inatetemeka. Anayejua jibu huenda amesimama upande wa pili na rungu mkononi, anangoja tu mtu wa kuanza.