Mbuzi wa Ngazi ya Ishirini

Leo dadangu Shiru ameniulia mbuzi kwa upendo.

Ni kwenye mchezo mmoja wa mtandaoni ninaoucheza hapa saiba, duka la intaneti, mjini Thika. Mhusika wangu nilimpa jina la marehemu cucu, nyanya yetu, ambaye hakuwahi kuchinja hata kuku.

Kwa hivyo nilipanda ngazi za mchezo bila kuua, kwa kuchuma dawa na kupeleka barua tu.

Mwaka mzima. Kwenye skrini, waliouawa: sufuri.

Leo nikafika ngazi ya ishirini! Nikaenda msalani kidogo.

Kurudi, Shiru yuko kwenye kiti changu, anacheka. "Sherehe bila mbuzi, wewe? Nimekuchinjia!"

Waliouawa: 1.

Na haifutiki.

Alikuwa amefurahi sana. Nikasema, "Asante, Shiru."

Mngemwambia ukweli?

Nadhani cucu pia angeshukuru, kisha asile.