Jiwe la Kuanikia Betri

Nyie mliokulia Hanang kabla hatujaitwa watu wa Manyara, mnalikumbuka jiwe la kuanikia betri? Kila nyumba yenye redio ilikuwa nalo. La kwetu Getanuwas lilikuwa nyuma ya jiko, bapa, likipata jua hadi kuku hawalikanyagi. Betri zikichoka zinaanikwa pale asubuhi, mchana zinarudishwa kwenye redio na sauti inapanda kidogo. Nikiwasimulia hayo vijana ninaotengeneza nao programu za kompyuta hapa Arusha, wanacheka mpaka wanashika meza. Haya, wacheni wacheke. Hao hao simu ikibaki na chaji kiduchu wanazunguka ofisi nzima na waya mkononi, utadhani wamefiwa.

Ilikuwa miaka ile biashara imefunguliwa, mnada wa Katesh umejaa mitumba na redio ndogo za kila rangi. Sisi watoto tulikwenda shule na kidumu cha maji mkono huu na ufagio mkono huu, tukakimbia mchakamchaka kwenye baridi ya mlimani mpaka pua zikawasha. Tukirudi, kuna makande, au ugali na maziwa ya mgando yenye harufu ya moshi wa kibuyu. Halafu mchezo wa rede mpaka giza. Wenzangu walikuwa hodari wa rede. Mimi nilikuwa hodari wa kufungua vitu. Nilifungua kandili, nikafungua pampu ya baiskeli, nikafungua saa ya baba, na saa ile haikusema tena. Baba alizoea kuwaambia majirani, "Huyu Emiliana usimwachie ng'ombe, atamfungua aone maziwa yanatokea wapi."

Mwaka huo bibi, mama yake mama, alipelekwa hospitali kubwa Moshi. Mjomba Petro ndiye aliyekwenda kumuuguza. Simu hatukuwa nayo, hata kata nzima sijui kama ilikuwepo. Kwa hiyo walikubaliana kama watu wote wa wakati ule walivyokubaliana: kukiwa na lolote, mjomba atapeleka tangazo redioni, nasi tusikilize saa saba mchana baada ya taarifa ya habari, na tena jioni. Wiki mbili mama hakukosa. Atakuwa shambani, ataacha jembe. Anakaa kwenye kigoda, redio mapajani, sikio limegusa spika, maana redio yetu ilikuwa inakoroma na maneno mengine yanamezwa.

Hicho ndicho kilichonitia kwenye matatizo. Ilikuwa Jumamosi, baba yuko mnadani na ng'ombe, mama kaenda kisimani. Nikasema moyoni, leo namtengenezea mama redio asikie vizuri. Nikaipeleka ghalani, nikaketi nyuma ya magunia ya mahindi, nikafungua skrubu kwa ncha ya kisu. Ndani nikaona vumbi na buibui mmoja. Nikapuliza, nikafuta, nikavuta kidogo ili nifikie kona, na waya mwekundu wa spika ukakatika mkononi mwangu.

Jamani!

Nilikuwa nimemwona fundi wa Katesh akilehemu, nikajua risasi ikipata moto inayeyuka na kushika waya. Nikachomoa spoku ya baiskeli mbovu, nikaitia kwenye makaa ya jikoni, nikakimbia nayo ghalani. Ikapoa kabla sijafika. Nikarudi. Mara ya pili nikaungua kidole hiki cha shahada, alama ninayo. Mara ya tatu nikasikia mama anatua ndoo.

"Emi! Lete redio, saa saba hiyo!"

"Betri ziko juani, mama! Bado hazijapata moto!"

Uongo ulitoka wenyewe. Betri zilikuwa pembeni yangu, juu ya gunia. Mama akasema, "Sawa, ila usichelewe, mwanangu." Nikamsikia anakaa kwenye kigoda. Nikarudi jikoni kwa mlango wa nyuma, spoku ikawa nyekundu, nikakimbia, nikashikiza, risasi iliyobaki kwenye spika ikayeyuka. Waya ukashika. Nikafunga kifuniko, nikatumbukiza betri, nikatoka mbio, nikawasha nikiwa bado natembea.

Sauti ikatoka safi kuliko siku zote. Mtangazaji akasema, "...habari zimfikie Magdalena Amsi wa Getanuwas, Hanang, mkoani Arusha." Kisha akaendelea na tangazo la watu wa Singida.

Magdalena Amsi ni mama yangu.

Habari gani? Hizo ndizo tulizokosa. Mama alinitazama, akatazama redio, akaingia ndani kupanga nguo kwenye mfuko. Matangazo mengi ya saa ile yalikuwa ya vifo. Jirani yetu Mama Paskali alikuwa amesikia jina kwao bila kusikia mwanzo, maana alikuwa nje anaanua mahindi, naye akaja mbio. Wakafuata wengine. Kabla ya saa nane uani kumejaa wanawake, mmoja na unga, mwingine na mzigo wa kuni, kama inavyofanywa kwetu palipo na msiba. Hakuna aliyelia, kwa sababu hakuna aliyejua kama ni halali kulia.

Saa tisa tukasikia lori la maharage linapanda barabara, liendalo Arusha. Mama akasimama. Mfuko wake wa nguo ulikuwa tayari miguuni. Mama Paskali akamshika mkono, "Mama Emi, kama amefariki, wanamleta huku. Mtapishana njiani. Ngoja jioni." Mama akabaki amesimama mpaka mlio wa lori ukaisha kabisa. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, kidole mdomoni, nikiomba Mungu jioni isifike.

Ilifika. Tangazo likarudiwa, safari hii lote: Magdalena Amsi anaombwa afike hospitali mara moja, mama yake ni mgonjwa sana na anamwita.

Kumbe alikuwa hai, na anamwita.

Mama aliondoka na basi la alfajiri. Alipofika jioni, bibi alikuwa amefariki mchana wa siku ile ile. Mtoto wa darasa la tano anaweza kupiga hesabu hiyo. Lile lori lingemfikisha.

Watu wakiuliza, mama alijibu siku zote, "Betri zilituangusha. Zilikuwa juani." Na mimi nikanyamaza. Redio ile iliishi miaka mingine, ndiyo iliyotutangazia kwamba sasa tuko Mkoa wa Manyara, baba akacheka kwamba tumehama bila kubeba hata sufuria. Nikasoma, nikaingia kwenye kompyuta. Leo kazi yangu ni programu za kufikisha ujumbe kwa watu, na Jumapili natengeneza redio mbovu. Ninazo kumi na moja sebuleni, mume wangu kachoka. Vijana wa ofisini wananiuliza kwa nini najaribu ujumbe mmoja mara arobaini kabla sijaridhika. Nawaambia ni uzee.

Krismasi iliyopita, nyumbani Getanuwas, nilishindwa kuficha tena. Nikapiga magoti mbele ya mama nikamwambia yote: kisu, waya, spoku, uongo. Alikuwa anachambua maharage, na hakuacha.

"Nilijua," akasema. "Nikitoka kisimani nilipita kwenye jiwe. Halikuwa na kitu."

"Sasa mama, mbona miaka yote ulisema betri?"

"Baba yako angekuchapa. Ungefungua nini tena?"

Akanishika kidole, akapapasa ile alama kama mtu aliyekuwa akijua ilipo, kisha akarudi kwenye maharage yake.

Siku hizi simu yake iko mfukoni mwa kitenge. Nikimwandikia ujumbe kutoka Arusha unafika kabla sijaiweka simu chini, wote, bila kukosa mwanzo. Wanangu wana simu nzuri kuliko hiyo, wananijibu kwa kidole gumba cha njano. Jiwe bado lipo nyuma ya jiko. Nililigusa siku ile kabla ya kuondoka. Lilikuwa la moto, na halikuwa na kitu.