Kikombe Kimoja cha Dawa

Nilirudi kutoka Ghuba nikiwa na diploma ya lishe na upishi, niliyoisomea jioni baada ya kusugua masufuria ya hoteli mchana kutwa. Hakuna mjomba aliyenitafutia kazi wala aliyenilipia karo. Leo nina jiko langu karibu na Mukuru kwa Reuben, linalowapikia vibarua wa viwandani chakula cha mchana, na nina nyumba mtaa wa Tena niliyoijenga bila kumpigia mtu magoti. Nasema haya mapema ili msomaji ajue kwamba ninapozungumzia mwili wa binadamu na kinachouimarisha, sibahatishi.

Dada yangu mkubwa anauza vitambaa Eastleigh na huimba katika kwaya ya kanisa la mtaani kwetu. Ana sauti nzito isiyo na haraka, ambayo watu wakiisikia huacha kunong'ona. Shida yake ilikuwa Julai. Baridi ya Nairobi ikishuka, homa ilimkamata na kumwacha akizungumza kwa ishara, na miaka miwili mfululizo ilikuwa imemkamata wiki ileile aliyotakiwa kuongoza wimbo. Safari hii askofu alikuwa anakuja kubariki jengo jipya la kanisa. Dada alipewa tena wimbo wa kuongoza, lakini mwalimu wa kwaya, mwanamume mpole asiyerudia neno, alimwekea sharti.

"Mama, sauti ikikauka tena, wimbo huu nampa mwingine, na sitaurudisha kwako."

Akaja kwangu jioni hiyo na kuketi bila kuvua sweta.

"Wewe si ulisomea vyakula? Nifanyie dawa nisishikwe na homa mpaka askofu aje."

"Hakuna chakula kinachoizuia homa kama mlango," nikamwambia. "Kuna mwili uliokula vizuri na kulala vizuri, halafu kuna mikono safi. Mengine ni porojo za simu."

"Hiyo ndiyo diploma yenyewe?"

"Ndiyo hiyo."

"Basi ulienda mbali sana kuifuata."

Alicheka peke yake, kisha akafanya nilivyomwambia. Aliacha kukesha na tamthilia za Kituruki. Asubuhi alikunywa uji wa wimbi, mchana alikula maharagwe na mboga za managu, na kila siku alikula chungwa au pera. Saa ya chakula alitoka kwenye kibanda chake akasimama juani, jua likiwepo. Alinawa kwa sabuni kabla ya kugusa mdomo. Jambo lililomshinda kwa muda lilikuwa kuacha dirisha wazi. Sisi wa Eastlands baridi ikija tunaziba hata tundu la kufuli, kisha tunakaa ndani tukikoholeana usoni. Nilimwambia pia aulize kliniki kuhusu chanjo ya homa. Akasema atauliza. Hakuuliza.

Jumamosi moja alasiri nilimpelekea koti mazoezini, na hapo ndipo nilipoona adui yake. Katikati ya wimbo na wimbo, thamosi kubwa ilifunguliwa. Ndani mlikuwa na dawa, kama tunavyoiita kila mahali Nairobi: tangawizi, limau, asali na kitunguu saumu, vilivyochemshwa pamoja. Ni kinywaji kizuri kwa koo na sina ugomvi nacho. Lakini kikombe kilikuwa kimoja, cha chuma, na kilizunguka kutoka mdomo hadi mdomo mpaka kikarudi kwa aliyemimina. Wawili kati ya walionywea kabla ya dada walikuwa na kamasi.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani nikamwambia akiache kikombe kile.

"Siwezi," akasema. "Ukikiruka, watu watasema una kinyongo na mtu."

"Beba chako."

"Yuko mama mmoja alibeba chake. Wakasema anaogopa kuwekewa sumu. Siku hizi anaimba kanisa lingine."

Kwa hiyo mambo yalikuwa hivyo: akinywa, huenda akapoteza sauti, asipokunywa, atapoteza kwaya. Vyote viwili vilimfikisha mahali pamoja, yaani wimbo kwenda kwa mwingine.

Jumamosi iliyofuata nilimwomba mwalimu wa kwaya dakika chache, nikaeleza mbele ya wote jinsi homa inavyosafiri kwa mate na kwa mikono. Nilieleza vizuri. Nimewahi kufundisha wapishi wa mataifa kadhaa na wakanielewa.

"Buda, tangawizi inaua kila kitu," akasema kijana mmoja wa sauti ya tatu, fundi wa magari. "Hiyo mate yenyewe inafika ikiwa imeiva."

"Tangawizi inatuliza koo," nikasema. "Haioshi kikombe."

Mama mmoja wa sauti ya kwanza, aliyekuwa amejifunga leso mbili kwa baridi, akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Huko majuu kila mtu ana kikombe chake, sivyo?"

"Ndivyo."

"Ndiyo maana mlikuwa wapweke mkarudi."

Walicheka sana, na mwalimu pia. Ilikuwa hoja ya hovyo iliyosemwa vizuri, na hoja za namna hiyo hazishindwi kwa maelezo. Nikaaga.

Suluhisho nililipata kabla sijafika nyumbani. Kwetu, anayepika kinywaji cha watu hukionja kwanza mbele yao, ili asiwepo wa kumshuku. Nikamwambia dada ajitolee kupika dawa ya kwaya. Akipika yeye, atakisuuza kikombe kwa maji yanayotokota, atakuwa wa kwanza kunywa, kisha atakipokeza. Kikirudi atakuwa ameshamaliza zamu yake, na hakuna atakayeweza kusema amekiruka.

"Na wengine?" akauliza.

"Wengine nimewaambia. Walicheka."

Akaniuliza tangawizi nzuri inapatikana soko gani.

Walimsifu kwa kujitolea. Dawa yake ilikuwa kali kuliko ya zamani, na kikombe kikazunguka kwa furaha zaidi. Wiki mbili kabla ya askofu, wanaume wa sauti ya tatu walianza kukohoa. Ikaingia sauti ya kwanza. Yule mama wa leso mbili akashindwa kutoka kitandani. Dada aliendelea na uji wake na dirisha lake. Sidai kwamba bahati haikuwepo, maana homa husafiri hewani pia. Lakini bahati haikukisuuza kikombe.

Siku ya baraka alisimama mbele akaimba vizuri kuliko nilivyowahi kumsikia. Alipofika mahali pa kiitikio, kwaya nyuma yake ilijibu kwa sauti chache, nyembamba, kwa sababu nusu yao walikuwa vitandani. Askofu alimsifu. Mwalimu akampa mkono na kumwambia wimbo ni wake. Nilidhani atafurahi. Alinishukuru, akaomba apelekwe nyumbani, na njia nzima alitazama nje.

Waliougua waliporudi mazoezini, dada alisimama kabla ya maombi ya kufungua akawaambia kwa nini alijitolea kupika. Nilikuwepo, kwa hiyo naandika nilichosikia.

"Kwa hiyo ulijua, ukatuacha tuugue?" akauliza yule mama, sauti yake bado ikikwaruza.

"Nilijua. Niliogopa mtanitoa kwenye wimbo."

"Ungetuambia tu unataka kutangulia kunywa. Nani angekukataza?"

Mwalimu akasema wimbo alishaugawa na hataugawa mara mbili, na kwamba wapitishe dawa, kuna baridi. Yule mama akainuka kwanza, akachukua kikombe, akakisuuza kwa maji ya moto, akanywa taratibu mpaka nusu huku akimtazama dada, kisha akampokeza. Dada akanywa.

Wiki hiyo niliwapelekea katoni nzima ya vikombe kutoka jikoni kwangu, vizuri, vya kauri. Walinishukuru kwa heshima. Vimepangwa kwenye kabati la kanisa, na hutolewa wageni wakija. Wao Jumamosi bado wanatumia kile kimoja, ila sasa wanabishana nani atangulie.